Udongo wa Ukambani Wasafiri Baharini

Siku moja katika jahazi, kutoka Malindi mpaka Lamu

Watu wengi wa bara hudhani kwamba mambo ya bahari ni ya watu wa pwani peke yao. Mkulima wa Tulia, huko Kitui, akisikia habari za matanga na nanga, husema moyoni mwake kuwa hayo ni ya Lamu na Mombasa. Yeye ana mtama wake, mbaazi zake na ng'ombe wake, na maji anayoyajua ni yale ya kisima kilichochimbwa katika mchanga wa mto mkavu. Hata hivyo iko safari moja ya baharini, safari ya siku moja tu, ambayo humpitisha baharia katika maji ya Ukambani mara mbili kabla jua halijatua. Safari hiyo ni ile ya jahazi kutoka Malindi kwenda Lamu, na ye yote mwenye shamba la mteremko yafaa aijue.

Mito miwili

Tulia iko mbali na bahari, zaidi ya kilometa 300. Lakini Kitui imekaa kati ya mito miwili mikubwa. Upande wa magharibi unapita mto Athi, ulio mpaka wa Kitui na Makueni. Upande wa kaskazini unapita mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Vijito vya Kitui na Makueni ni vikavu sehemu kubwa ya mwaka, lakini mvua ikinyesha hufurika kwa saa chache na kuchukua kila kilicho mbele yake. Baadhi yake, kama Tiva, hupotea nyikani. Vingine huingia katika Athi au Tana, na mito hiyo haisimami. Athi ukiisha kukutana na mto Tsavo huitwa Galana, na karibu na pwani huitwa Sabaki. Humwaga maji yake kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Tana nao huingia katika ghuba ya Ungwana, karibu na Kipini. Chombo kitokacho Malindi kwenda Lamu hupita mbele ya milango ya mito yote miwili.

Wazee wa Ukambani hawakuwa wageni wa njia ya pwani. Katika karne ya 19 misafara yao ilichukua pembe za ndovu mpaka Rabai na Mombasa. Kivoi, mfanya biashara mkubwa wa Kitui, alijulikana sana huko. Ndiye aliyempokea mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, mwaka 1849. Na ilikuwa katika safari hiyo, tarehe 3 Desemba, Krapf alipouona Mlima Kenya kutoka Kitui. Kivoi aliuawa na wanyang'anyi mwaka 1851 akiwa safarini kuelekea Tana. Watu wale walikwenda pwani kwa miguu, siku nyingi, wakarudi na nguo na shanga. Udongo wa Ukambani huenda pwani bila mchukuzi, lakini wenyewe haurudi, wala hauleti kitu.

Chombo na pepo zake

Jahazi ni chombo cha mbao chenye mlingoti mmoja mkubwa na tanga moja pana, lililofungwa katika mti mrefu uitwao foromali. Mafundi wa Lamu na wa kijiji cha Matondoni ni mashuhuri kwa kazi ya kuyaunda. Mbao hupigiliwa misumari, na nafasi kati ya ubao na ubao huzibwa kwa pamba iliyotiwa mafuta, kazi iitwayo kukalafati. Chombo kisicho na shehena hutiwa mawe au mchanga chini, yaani farumi, kisipate kupinduka. Siku za zamani majahazi yalichukua boriti za mikoko, nazi, nafaka na abiria. Leo malori na vyombo vya mashine vimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini matanga hayajakwisha baharini.

Jahazi haliwezi kuelekea upepo moja kwa moja, basi safari hupangwa kwa majira. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi. Kusi huvuma tangu Aprili hadi Septemba, na katikati yake bahari huchafuka sana. Lakini kusi ikianza kulegea, majira yale yaitwayo demani, mabaharia hufurahi. Upepo bado wasukuma kwenda Lamu, mkondo wa bahari nao waenda kaskazini, wala mawimbi si ya kutisha. Mwisho wa demani, kati ya Oktoba na Novemba, ndipo mvua za vuli zinapoanza kule Ukambani. Hivyo jahazi la mwisho wa demani na maji ya kwanza ya mto huweza kukutana baharini.

Saa kumi alfajiri

Kutoka Malindi mpaka Lamu ni kama maili 75 za bahari, yaani kilometa 140 hivi. Jahazi lenye upepo mzuri huenda maili tano au sita kwa saa. Hesabu yake ni rahisi: ni saa kumi na tatu au zaidi. Tena mlango wa Lamu una mafungu ya mchanga na miamba, na nahodha mwenye busara hapendi kuuingia gizani. Kwa hiyo nanga hung'olewa saa kumi alfajiri, watu wa mjini wangali wamelala, ili mwanga wa mwisho wa jioni utumike huko Shela, penye mlango wenyewe. Nahodha apotezaye saa moja Malindi huenda akaitafuta usiku kucha nje ya Shela.

Wakati huo huvuma umande, upepo mwembamba utokao nchi kavu. Mabaharia huvuta henza, yaani kamba ya kupandishia foromali, wakiitikiana kwa sauti ili nguvu zao ziwe moja. Tanga hufunguka, maji huanza kunong'ona ubavuni mwa chombo, na taa za Malindi hubaki nyuma. Abiria aliyetoka Tulia, kama yumo, huoneshwa mahali pa kukaa asizuie kamba. Huambiwa kwamba mbele ya chombo ni omo na nyuma ni tezi, na kwamba akisikia kichefuchefu atazame mbali, asitazame chini.

"Haya ni maji ya kwenu"

Saa kumi na mbili kasoro, mapambazuko hufichua jambo ambalo gizani halikuonekana. Maji ya samawati hukoma ghafula, kana kwamba yamepigiwa mstari. Ng'ambo ya mstari huo ni maji ya rangi ya udongo, kama uji wa wimbi, na juu yake huelea vijiti, majani na magugu. Hapo ni mbele ya mlango wa Sabaki.

Abiria huyo wa Tulia akiuliza, "Mzee, mbona maji haya ni mekundu?" nahodha hana haja ya kufikiri. "Mwanangu," humjibu, "haya si maji ya kwetu. Haya ni maji ya kwenu."

Jibu hilo ni la haki, ijapokuwa si Ukambani peke yake yenye kuulizwa. Athi huanza katika nyanda za juu karibu na Nairobi, na kila nchi unakopita huutia sehemu yake. Lakini vilima vya Machakos, Makueni na Kitui, vyenye miteremko mikali na mvua chache zinyeshazo kwa nguvu, vimetoa sehemu kubwa.

Ushahidi wa mambo haya umehifadhiwa na bahari yenyewe. Tumbawe hukua mwaka baada ya mwaka na kuacha alama za umri wake, mfano wa mti. Udongo wa mto huleta madini yaitwayo bariamu, na tumbawe huyatia katika mwili wake. Wataalamu walichunguza tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka kama 300, na mwaka 2007 wakatangaza waliyoyaona. Katika miaka ya zamani udongo uliofika baharini ulizidi au kupungua kwa kufuata mvua na ukame. Tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 uliongezeka sana, kwa sababu matumizi ya ardhi huko bara yalikuwa yamebadilika. Hiyo ndiyo miaka ambayo walowezi walitwaa mashamba makubwa, na wenyeji pamoja na mifugo yao wakabanwa katika maeneo madogo.

Udongo ukizidi, matumbawe hufunikwa na kukosa mwanga wa jua, na samaki hukosa makao. Hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968 na iliyo miongoni mwa zile za kwanza katika Afrika, iko kusini ya mlango wa mto. Wakati wa kusi maji mekundu husukumwa kaskazini, na hifadhi hupumua. Wakati wa kaskazi husukumwa kusini na kuifikia.

Nahodha naye ana shaka yake. Baharia wa pwani husoma bahari kwa rangi: kijani ni maji haba, samawati iliyokolea ni kilindi, kahawia ni mwamba. Katika maji ya Sabaki rangi zote ni moja, na kitabu hicho hufungika. Tena mafungu ya mchanga mbele ya mto hayakai mahali pamoja; mafuriko ya mwaka huu huweza kujenga fungu mahali ambapo baba yake nahodha alipita bila wasiwasi. Kwa hiyo chombo hupelekwa mbali na nchi kavu, na kijana husimama upande mmoja na kutupa bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kamba, ili kujua kina. "Pima tena, mwanangu," nahodha husema. "Pima mpaka maji yawe samawati."

Ghuba ya Ungwana

Jua likiisha kupanda, jahazi hupita Ras Ngomeni. Hapo mgeni hustaajabu kuona majukwaa ya chuma yamesimama baharini kwa miguu mirefu. Ni kituo cha Waitaliano kilichotumika kurushia roketi tangu mwaka 1967 hadi 1988. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, kilirushwa chombo cha kuchunguza nyota kilichopewa jina la Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya.

Umande hufa, na kwa muda tanga hulegea. Kisha upepo wa baharini huingia kutoka kusini mashariki, tanga hujaa, na chombo hulala kidogo upande mmoja. Sasa kila mtu ana kazi. Mmoja hushika usukani. Mmoja hushuka chini kufua maji, maana kila chombo cha mbao huvuja kidogo, na mwenye kudharau kidogo hicho huzama. Mpishi huwasha moto katika sanduku lililojazwa mchanga, akapika wali na samaki.

Mbele yao imetanda ghuba ya Ungwana, mashuhuri kwa kamba, wale wa kuliwa. Wavuvi wa hapo hawauchukii mto. Watoto wa kamba hukulia katika mikoko na milango ya mito, na maji ya mto ndiyo yawaleteayo chakula. Mto usioleta kitu ungekuwa hasara kwao. Ubaya huanza pale mto uletapo kupita kiasi, kama vile mvua ilivyo baraka shambani mpaka igeuke mafuriko.

Shauri la Kipini

Kwenye saa saba mchana maji hubadilika rangi mara ya pili. Huo ni mto Tana, ambao umepokea vijito vya kaskazini na mashariki ya Kitui. Lakini udongo wake mwingine haukufika hapa. Juu ya mto huo yamejengwa mabwawa ya umeme: Kindaruma lilianza kazi mwaka 1968, Masinga lilikamilika mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. Udongo utokao mashambani hutua katika mabwawa hayo, hasa Masinga, na kutwaa nafasi iliyotengenezwa kwa ajili ya maji. Kwa hiyo udongo wa mkulima, hata usipomfikia baharia, humfikia yule awashaye taa mjini.

Hapa mbele ya Kipini nahodha hana budi kukata shauri. Hutazama jua, hutazama tanga, huhesabu maili zilizobaki, nazo ni kama thelathini. Upepo ukiwa thabiti atafika Shela jua likiwa bado juu ya upeo. Ukiwa umelegea hatafika. Kuingia Kipini si jambo jepesi, kwa sababu mbele ya mto liko fungu la mchanga ambalo mawimbi hupasuka juu yake. Na fungu hilo nalo limejengwa na mto. Ikiwa hana hakika, ni heri akae nje kwenye kilindi mpaka kuche, ingawa abiria watanung'unika na maji ya kunywa yatapungua. Kazi hii haina nafasi kwa mwenye haraka. Vyombo vingi vimepotea, navyo vilikuwa vimebakiza maili chache tu.

Mlango wa Shela

Siku ya upepo mwema jahazi huipita Ras Tenewi alasiri. Baadaye mtu aliyepanda mlingotini huona vilima vyeupe vya mchanga vya Shela ving'aavyo katika jua la jioni, na habari hiyo huwaamsha hata waliolala. Maji yakiwa yanajaa, husaidia kukiingiza chombo katika mlango kati ya kisiwa cha Lamu na kisiwa cha Manda. Foromali hushushwa, tanga hukunjwa, na nanga huangushwa mbele ya mji wa kale wa Lamu, ambao mwaka 2001 ulitiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Mtu wa Ukambani afikaye Lamu ana sababu ya kukumbuka jambo jingine. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliona kwamba ardhi ya Machakos inaharibika, ikaamuru ng'ombe wapunguzwe kwa nguvu. Wakamba wengi, wanaume na wanawake, walikwenda Nairobi kulalamika, wakiongozwa na Samuel Muindi Mbingu. Serikali ililegeza amri yake, lakini Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni, na mahali alipopelekwa ni Lamu. Udongo uliharibika kweli. Lakini kumnyang'anya mtu ng'ombe wake hakukuuponya.

Dawa yake iko shambani

Kilichouponya, pale ulipopona, ni mikono ya wenye mashamba. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya Machakos, pamoja na Makueni ambayo zamani ilikuwa sehemu yake. Walionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 hadi 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na huku mmomonyoko wa ardhi ukapungua. Watu walichimba matuta kwa vikundi vya mwethya, wakapanda miti, wakauza mazao, na faida yake wakairudisha shambani.

Tuta lijulikanalo sana ni lile la fanya juu. Mkulima huchimba mfereji kwa kufuata usawa wa mteremko, akautupa udongo upande wa juu, si upande wa chini, kisha hupanda majani juu ya tuta ili lisibomoke. Maji ya mvua husimama badala ya kukimbia, na udongo hutua. Baada ya miaka michache mteremko huwa kama ngazi pana. Mavuno huongezeka kwa sababu maji yamebaki.

Kitui pia imejulikana kwa mabwawa ya mchanga, ambayo mengi yamejengwa tangu miaka ya 1990. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa juu ya mwamba, kukata mto mkavu. Mafuriko huleta mchanga na kuulundika nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga huo, ambako jua haliyafikii kwa urahisi. Lakini mkulima asidanganyike: ukuta huo hushika mchanga mzito, na udongo mwembamba wenye rutuba hupita juu yake na kwenda zake. Huo hauna mahali pengine pa kushikwa ila shambani, kwa tuta, kwa majani na kwa mti.

Vilima vile vya mchanga vya Shela, ambavyo baharia huvitumia kama alama, ndivyo vinavyoutunzia mji wa Lamu maji yake matamu. Mvua huingia katika mchanga na kukaa chini, na visima huyatoa. Ndiyo sababu vilima hivyo hulindwa visijengwe nyumba. Watu wa Lamu na watu wa Kitui, walio mbali hivi, hunywa maji yaliyohifadhiwa na mchanga, na wote wawili hupata hasara mchanga na udongo vikienda mahali pasipo pao.

Mvua za vuli zikikaribia, mkulima wa Tulia na akague matuta yake kabla ya tone la kwanza, kama vile nahodha akaguavyo kamba zake kabla ya kung'oa nanga. Palipobomoka pazibwe sasa. Tuta lililobomoka mahali pamoja huyakusanya maji yote hapo, na usiku mmoja huchimba korongo ambalo jembe la mtu mmoja haliwezi tena kulifukia.